Ryu alipasuliwa kiwiko akiwa sekondari halafu akawa staa, na mwanangu nimpeleke?

Swali:

"Dokta habari za kazi. Sisi tuko Kanada, Mississauga, karibu na Toronto. Mwanangu wa kiume ana miaka 14, anacheza besiboli, ni mrushaji na ni mashoto. Tangu mwezi wa tano analalamika kiwiko kinamuuma upande wa ndani, akipumzika siku mbili tatu kinapoa, akirusha tena kinarudi. Yuko timu mbili, ya shule na ya klabu, na siku ambayo harushi wanamweka nje kule mwisho wa uwanja. Baba yake anampenda sana Ryu, yule mrushaji Mkorea aliyekuwa Blue Jays, timu ya hapa Toronto. Sasa kuna mzazi mwenzetu ametuambia Ryu alifanyiwa ile operesheni ya Tommy John akiwa shule, akapata mkono mpya, na mwaka wake wa kwanza tu akawa mchezaji bora wa Korea nzima, kwa hiyo bora mtoto afanyiwe mapema angali mdogo, atapona haraka na atarusha kwa spidi zaidi. Mume wangu ameanza kukubali, mimi naogopa. Halafu wiki tatu zijazo kuna mashindano na maskauti wanakuja. Ni kweli operesheni inaongeza nguvu? Na hayo mashindano nimwache acheze?"

Jibu:

Dada, kwanza pole kwa hiyo presha, na nikusahihishe kidogo, mi sio dokta wa kupasua, mi ni fizio, watu wakishatoka kwa hao wa visu ndo wanaletwa kwangu, na wengine nawapata kabla na hapo kazi yangu inakuwa kuhakikisha hawafiki huko. Wagonjwa wangu wengi ni warusha mkuki na watu wa kriketi, ila mkono unaorusha ni mkono unaorusha, na huyo Ryu Hyun-jin nimemfuatilia miaka mingi kwa sababu ule mkono wake wa kushoto ni darasa zima peke yake.

Jibu fupi nikupe kabisa ili ulale: hapana, operesheni haiongezi nguvu, na hapana, hayo mashindano asirushe. Jibu refu ndo hili, na ningependa umsomee na shemeji, maana naona ugomvi wenu uko kwenye hadithi ya Ryu kuliko kwenye kiwiko cha mtoto.

Alichowaambia yule mzazi sio uongo, shida ni kwamba kaisimulia nusu. Ni kweli Ryu, mtoto wa Incheon, alifanyiwa Tommy John, yaani operesheni ya kutengeneza upya ligamenti (ukamba unaoshika mifupa) ya ndani ya kiwiko, mwaka 2004 akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Dongsan. Na ni kweli mwaka 2006 alipoingia ligi ya kulipwa na Hanwha Eagles, akiwa na miaka 19, alifanya maajabu: ushindi 18, amepoteza 6, wastani wa pointi anazofungwa kwa mechi kamili ya vipindi 9 ukawa 2.23, na akawatoa wapigaji 204 kwa straiki. Akaongoza ligi kwa vyote vitatu, akapewa mchezaji bora wa mwaka na mchezaji mpya bora wa mwaka kwa pamoja, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya Korea kabla yake. Sasa mtu akiziweka hizo habari mbili jirani jirani, operesheni hapa, tuzo pale, anaona kabisa moja imezaa nyingine. Ndo akili zetu zilivyo.

Ila angalia alichoruka. Kwanza Ryu alikuwa na miaka 17 na ligamenti yake ilikuwa imeshaharibika, hakwenda kujiongezea nguvu, alikwenda kuokoa mkono usiorusha tena. Pili, ile operesheni ilimgharimu sana sokoni. Timu ya nyumbani kwao Incheon wakati huo, SK Wyverns, ilikuwa na haki ya kumchukua wa kwanza kama mtoto wa eneo lao, ikamchukua mdakaji Lee Jae-won. Duru iliyofuata Lotte nao wakamchukua mrushaji mwingine. Hanwha ndo wakampata, na kilichowatia watu wasiwasi kilikuwa kiwiko hichohicho unachoambiwa kilikuwa "kipya". (Dunia duara jamani, huyo Lee Jae-won mwaka 2024 alihamia Hanwha, akawa anamdakia Ryu mipira, watu wazima wote wawili.)

Na tatu, ambalo nadhani huyo mzazi halijui au kalisahau, mkono ule haukuishia hapo. Mwezi wa tano mwaka 2015, akiwa Los Angeles Dodgers, alipasuliwa bega la kushoto, ule mzunguko wa gegedu unaoshikilia mfupa kwenye tundu la bega ulikuwa umechanika. Msimu wote wa 2015 hakucheza. Akarudi Julai 2016 akarusha mechi moja tu, hakumaliza hata vipindi 5, wakamfunga pointi 6, kiwiko kikagoma, Septemba akaingizwa tena chumba cha upasuaji kusafishwa. Halafu Juni 2022, mkiwa naye hukohuko Toronto, shemeji atakumbuka, Tommy John ya pili. Hesabu mwenyewe: 2004, 2015, 2016, 2022, mkono mmoja umefunguliwa mara nne. Huyo mtu ni hodari na nampigia saluti, lakini mkono wake sio tangazo la operesheni.

Kwa nini basi watu wengi wanaamini ukipasuliwa unarudi na spidi zaidi? Sio nyie tu, watafiti Marekani walishawauliza wachezaji, makocha na wazazi, na si wachache walioona ni sawa kumfanyia mtoto mzima asiye na jeraha ili arushe vizuri. Nikiwa kliniki naona inavyotokea. Mtu kabla ya kupasuliwa alikuwa anarusha kwa maumivu, spidi imeshuka, kwa hiyo unamlinganisha na siku zake mbaya. Akishapasuliwa anakaa mwaka mzima na mtu kama mimi anafanya mazoezi ya bega, ya mgongo, ya nyonga na miguu ambayo miaka yote alikuwa anayakwepa. Na kama ni kijana wa miaka 17, kwenye huo mwaka anakua, anaongeza misuli na kilo. Akirudi anarusha vizuri watu wanasema "ligamenti mpya", wakati ni mwaka mzima wa jasho na ugali. Hivyo vyote mtoto anavipata bila kisu. Na wale ambao hawakurudi hatuwasikii, nani atamsimulia kijana wa Incheon aliyepasuliwa mwaka huohuo akaishia kuuza duka? Hata kwa wachezaji wa kulipwa, wenye madaktari wakubwa na muda wote duniani, wanaorudi kurusha ni kama 8 katika 10, na wanaorudi kiwango kilekile ni pungufu ya hapo.

Sasa tuingie kwenye kiwiko chenyewe, na namaanisha kisugudi, maana kuna makabila kiwiko ni pale mkono unapoungana na kiganja, tusije tukachanganyana.

Shika kisugudi chako kwa ndani, upande unaotazama mbavu. Kuna kijifupa kimechomoza, nyuma yake kidogo ndo pale ukijigonga mezani ganzi inakwenda mpaka kidole cha mwisho. Kwenye hicho kijifupa kuna ukamba mfupi mgumu umeanzia hapo ukashikwa na mfupa wa kigasha chini yake. Huo ndo ligamenti tunayoizungumzia, hauna hata urefu wa kidole chako cha mwisho. Kazi yake ni kuzuia kisugudi kisifunguke kwa ndani kama mlango uliotoka bawaba.

Muangalie Ryu kwenye video, ila isimamishe pale mguu wa mbele umeshatua chini na kifua kimeshaanza kugeuka kwa mpigaji. Utaona mkono haujafika, kigasha kimelala nyuma kabisa, kiganja kinaangalia angani, mwili umeshaondoka na mkono umeachwa. Sekunde hiyo ndogo ndo yenye mambo. Kwa warushaji wakubwa imepimwa, nguvu inayojaribu kukifungua kisugudi kwa ndani inafika kama nyutonimita 64. Kwa lugha ya nyumbani, kunja mkono, kigasha kilale, halafu mtu akuning'inizie kiganjani ndoo ya maji ya lita 20 iliyojaa, ikivuta kwa upande ambao kisugudi hakikuumbwa kwendea. Na sio mara moja, ni kila mpira, mara 90 au 100 kwa siku.

Hapo ndo pana kitendawili, maana ligamenti za maiti zilipojaribiwa maabara zenyewe peke yake zilikatika kwenye karibu nusu ya nguvu hiyo. Kwa hesabu hiyo kila mrushaji angekatika mpira wa kwanza! Hawakatiki kwa sababu misuli ya kigasha, ile inayokunja vidole na kiganja, inakaza wakati uleule na kubeba nusu ya mzigo. Misuli ikiwa fresh ligamenti inapumua. Misuli ikichoka, mzigo wote unarudi kwenye ule ukamba mfupi.

Ndo maana nikisikia mtoto kaumia kisugudi swali langu la kwanza sio "anarusha mpira wa aina gani", ni "anarusha akiwa amechoka?" Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliowalinganisha vijana waliopasuliwa na wasioumia: waliokuwa wanarusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walikuwa na hatari mara 5 ya kufika kwa mpasuaji, na waliokuwa na kawaida ya kurusha mkono ukiwa umechoka, mara 36. Thelathini na sita, sijakosea kuandika. Wazazi wengi wanahangaika na mpira wa kukunja, eti ndo unaovunja mikono ya watoto, na ushahidi wa hilo ni wa kusuasua, wakati uchovu unapita mlangoni na kiti wanampa.

Sasa tuje kwa mwanao, maana hapa ndo hadithi ya Ryu haimhusu kabisa.

Ryu alikuwa na miaka 17. Wako ana 14. Kile kijifupa nilichokuambia ushike, kwa mtoto wa miaka 14 bado hakijaungana sawasawa na mfupa mkubwa, katikati pana utepe wa gegedu laini ambao ndo sehemu mfupa unapokulia. Kwa wavulana wengi unafunga kati ya miaka 15 na 17. Na kwenye mnyororo, pete dhaifu ndo inayokatika: mtu mzima ligamenti ndo dhaifu, mtoto ni hilo gegedu. Kwa hiyo mtoto wa umri huo akiumwa ndani ya kisugudi kwa kurusha, mara nyingi ligamenti ni nzima, kinacholalamika ni gegedu linalovutwa na kuvutwa mpaka linavimba na kuanza kuachia. Huko Amerika ya Kaskazini ni ugonjwa wa kawaida mpaka umepewa jina la ligi ya watoto. Maumivu yanayopoa kwa siku mbili na kurudi akirusha, kama ulivyoeleza, yanafanana nao sana, ingawa mi sijamgusa mtoto na siwezi kukuapia kwa maandishi.

Unaona basi ushauri wa "apasuliwe mapema" ulivyo na matege? Unamfanyia mtoto operesheni ya ligamenti ambayo huenda haina kosa. Na operesheni yenyewe sio kushona sindano mbili. Alianza nayo daktari Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji wa Dodgers anayeitwa Tommy John, ndo jina lilipotoka. Wanatoboa matundu kwenye mfupa wa juu na wa chini, wanachukua kano kutoka kwingine mwilini, wanaipitisha kwenye matundu kama kamba ya kiatu. Ukitaka kuiona kano yenyewe, geuza kiganja juu, gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kunja kiganja kidogo kuja kwako. Ule uzi unaosimama katikati pale unapovaa saa ndo mara nyingi unachukuliwa. (Usipouona usishtuke, kuna watu wanazaliwa bila huo na maisha yanaenda.) Sasa kutoboa mifupa karibu na gegedu linalokua ni jambo ambalo madaktari wenyewe wanaliogopa. Na ukishafanyiwa, ile kano inahitaji miezi mingi mwili uigeuze ianze kufanya kazi kama ligamenti, kurudi mchezoni ni miezi 12 mpaka 18. Ryu kwa ile ya pili alitumia miezi 13 na ushee, Juni 2022 mpaka Agosti 1, 2023, na hiyo ni kwa mtu mwenye mkataba wa dola milioni 80 na jopo zima la kumhudumia asubuhi na jioni.

Kama sio kisu, nini kilimfanya Ryu awe Ryu? Hapa nakaa kidogo kwa sababu shemeji anampenda, na kwa sababu ndo mfano mzuri kuliko ule mliopewa.

Mwaka uleule 2006 alipofika Hanwha palikuwa na mrushaji mkongwe, Koo Dae-sung, naye mashoto. Huyo ndo alimfundisha ule mpira wa polepole unaorushwa kwa mkono uleule wa mpira wa kasi, chenjiapu. Mpigaji anaona bega lilelile, mkono uleule, anapiga mapema, mpira haujafika. Ndo ukawa chakula chake miaka yote. Msimu wa 2019 Dodgers, ukiniuliza mimi ndo ulikuwa msimu wake mtamu kuliko yote, mpira wake wa kasi ulikuwa wastani wa kama kilomita 146 kwa saa, pungufu ya wastani wa wenzake wa ligi kuu ya Marekani, na wastani wake wa pointi ukawa 2.32, wa kwanza ligi nzima. Kwa vipindi zaidi ya 182 aliwapa wapigaji njia ya bure, yaani kwenda kituo cha kwanza bila kupiga kwa sababu mrushaji amekosea shabaha, mara 24 tu. Alikuwa na miaka 32, bega limeshapasuliwa, kisugudi mara mbili. Na mwaka huo alikuwa amejiajiria mtu wake wa mazoezi, Kim Yong-il, wa kumwangalia mwili tu (watu wa fani yangu tulifurahi kweli, kwa mara moja tumeonekana).

Kuna jingine dogo. Warushaji wengi wa Marekani kati ya mechi na mechi wana siku ya kurusha mazoezini kwa nguvu. Ryu alitoka Korea na kawaida ya kutofanya hivyo, alipofika Dodgers 2013 watu wakamshangaa, yeye akaendelea kuuweka mkono wake kwa siku ya mechi. Sisemi kila mtu aige. Nasema huyu mtu aliujua mkono wake kama mtu anayejua mshahara wake utafika tarehe ngapi.

Na bado mkono ulimgomea, lazima niwe mkweli hapo. Akiwa na miaka 19 na 20 alirusha vipindi zaidi ya 200 kila msimu, misimu miwili mfululizo. Siwezi kukuambia ndo iliyochana bega mwaka 2015, hakuna wa kuthibitisha hilo, ila kama angekuwa wangu ningelala macho. Korea yenyewe imebadilika, tangu 2018 wanafunzi wa sekondari wamewekewa kikomo cha mipira 105 kwa siku na siku za lazima za kupumzika. Enzi za Ryu shuleni haikuwa hivyo.

Haya, mna njia zipi. Ya kwanza, na ndo ningeanza nayo kwa mtoto wangu, ni kuacha kurusha kabisa, kwa kawaida wiki 4 mpaka 6, halafu kurudi kidogokidogo kwa ratiba, umbali mfupi kwanza, ikiwa maumivu yamekwisha na akibonyezwa hashtuki. Mpaka arudi kwenye mechi hesabu kama miezi 3. Kuacha kurusha maana yake ni kuacha kurusha, sio kuacha kuwa mrushaji halafu anawekwa kule mwisho wa uwanja ambako anatakiwa kuvurumisha mpira mita 60 mkono ukiwa wa baridi, hiyo mi naiona mbaya zaidi. Kukimbia ruksa, miguu na tumbo ruksa, kupiga muulize daktari wake. Ubaya wa njia hii ni kwamba mtoto wa miaka 14 anaona miezi 3 ni maisha yote, atanuna, na atakuambia hakiumi siku ya nane. Usimsikilize.

Ya pili ni sindano, zile za kuchukua damu yake mwenyewe na kumrudishia kwenye jeraha. Watu wanazisifia, wengine wamepona nazo ligamenti iliyochanika kidogo, ushahidi bado unayumba, na kwa gegedu la mtoto sioni kwa nini utoe hiyo hela. Ya tatu ni upasuaji, nao una mahali pake, sio adui. Kama kijifupa kimeng'oka na kusogea mbali, inaweza kulazimu kukirudisha kwa skrubu, na hapo usichelewe kwa sababu umesoma maneno yangu. Na kijana mkubwa zaidi, ligamenti imekatika kabisa, amejaribu mazoezi miezi kadhaa hakuna kitu na bado anataka kurusha kwenye ngazi ya juu, huyo Tommy John inamhusu. Mwanao hayupo huko, kwa ulivyonieleza.

Hili la timu mbili linanitia wasiwasi kuliko lolote. Kocha wa shule anahesabu mipira yake, wa klabu anahesabu yake, wote waungwana, na hakuna anayejumlisha. Miongozo ya Marekani kwa miaka 13 na 14 ni mipira isiyozidi 95 kwa siku, akishafika 66 anapumzika siku 4, isizidi vipindi 100 kwa miezi 12 timu zote zikijumlishwa, na angalau miezi 4 kwa mwaka asirushe kabisa. Nunua daftari dogo, liweke kwenye gari. Kila akitoka uwanjani andika tarehe, timu, mipira mingapi, na neno moja alivyosema mkono unavyojisikia. Ukilinganisha na alivyocheza tangu mwezi wa tano nadhani utapata jibu kabla hata ya daktari. Na ukiwa kwenye mabenchi usiangalie ubao wa matokeo, muangalie yeye: kisugudi kikianza kushuka chini ya usawa wa bega, mipira ikianza kupaa juu, akianza kuzunguka zunguka kati ya mpira na mpira na kujikanda mkono, amechoka, hata kama kocha anasema bado mmoja.

Daktari anamuona wiki hii, sio mwezi ujao. Anza na daktari wenu wa familia, mwambie maneno haya: ana miaka 14, anarusha, anaumwa ndani ya kisugudi tangu mwezi wa tano. Omba eksirei ya visugudi vyote viwili, cha kushoto na cha kulia, kwa sababu kwa mtoto anayekua ukiangalia kimoja peke yake ule mwanya wa gegedu unaweza kuonekana jeraha wakati ni umri tu, au jeraha likaonekana umri. Akihitaji MRI yeye ndo ataamua, na akupe rufaa kwa daktari wa mifupa anayeona watoto wanamichezo.

Ila usisubiri miadi, nenda dharura siku hiyohiyo, kama alisikia "ta!" ndani ya kisugudi wakati anarusha, kama kimevimba au kimepata rangi ya bluu, kama hakinyooki au kinakwama katikati, au kama ganzi inamshika kidole cha mwisho na cha pete na haiondoki. Na akianza kuumwa usiku hata bila kurusha, piga simu asubuhi.

La mwisho, maskauti. Najua linauma, mmeshalipa, mtoto ameshawaambia marafiki. Shemeji anaweza kumwonyesha hivi: Ryu akiwa na miaka 18 timu ya kwao ilimpita. Akaifungulia Korea fainali ya Olimpiki ya Beijing dhidi ya Cuba akiwa na 21, wakachukua dhahabu. Dodgers walipomtaka walilipa Hanwha dola 25,737,737 na senti 33 kwa haki ya kuongea naye tu, na alipoanza kucheza Marekani alikuwa ametimiza 26. Alirudi Hanwha Februari 2024 na 2025 alikuwa bado kwenye kilima cha kurushia na miaka 38. Skauti akimuona mrushaji wa miaka 14 anakunja uso kila mpira, anachoandika kwenye karatasi yake ni hicho kisugudi.

Kwa hiyo mpigie kocha wa klabu leo jioni kabla hujaongea na mtoto, mwambie hatarusha na asiwekwe kule mwisho wa uwanja pia, mtoto ana miadi ya daktari. Halafu mpigie wa shule umwambie hivyohivyo. Mtoto akinuna mwache anune, mpikie anachopenda, na eksirei ikitoka niandikie walichoona nikupangie wiki za mwanzo.